Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: madaraja ya timu na hesabu ya pointi kwenye mashindano ya kuogelea ya ridhaa

Maelezo haya ni kwa makocha, viongozi wa klabu, wazazi, na zaidi kwa wale wanaokaa meza ya matokeo na kuzingirwa kila wanapobandika karatasi ukutani. Mifano mingi imetoka kwenye mashindano ya watu wazima ya Marekani. Mashindano yao ya kwanza ya kitaifa yalifanyika mwaka 1970 mjini Amarillo, Texas, na tangu hapo wamelazimika kufikiria jambo ambalo gala za watoto (mashindano yao ya kuogelea) hulipita harakaharaka: kijana wa miaka 18 na bibi wa miaka 90 wanaogelea bwawa moja siku moja, klabu ya watu watano ikiwania kombe na klabu ya watu mia moja. Mwenye kuandaa gala Dar es Salaam, Nairobi au Kampala atakutana na maswali yaleyale, ila kwa idadi ndogo zaidi.

Klabu yetu ina waogeleaji wanane. Walishinda karibu kila walipoingia majini, na bado tumekuwa wa tano. Kuna kosa mezani?

Huenda hakuna. Chukua kalamu. Tuseme nafasi nane za kwanza zinapewa pointi 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2 na 1, na kila mtu anaruhusiwa mbio tano. Waogeleaji wenu wanane wana mbio 40. Wakishika nafasi ya kwanza katika zote 40, wanapata 360 na hapo ndipo mwisho wao. Klabu yenye waogeleaji 40 ina mbio 200. Hao wakipata wastani wa pointi mbili tu kwa kila mbio, yaani wastani wa mtu wa saba, wana 400. Mmeshinda kila mbio mliyoingia na kombe limekwenda kwao.

Hesabu hiyo haina hila ndani yake. Jumla ya pointi hupima mambo mawili kwa pamoja, ukali wa waogeleaji na wingi wao, na idadi zikitofautiana sana wingi ndio unaoamua. Kwa hiyo swali la haki halianzi kwenye jedwali la pointi. Linaanza kwa kuuliza nani anahesabiwa kuwa timu na anashindanishwa na nani. Wengi huanzia upande wa pili, wakatumia kikao kizima kubishana kama mshindi apewe 9 au 10.

Hata hivyo, jedwali lipi la pointi lina haki zaidi?

Majedwali yanayotumika sana yanafanana. Bwawa la leni sita: 7, 5, 4, 3, 2, 1. Leni nane: 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Leni kumi: 11, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1. Tazama pengo la kwanza: mshindi anamzidi wa pili kwa pointi mbili, wengine wote wanapishana kwa moja. Ni zawadi ndogo ya ushindi, isiyotosha kumfanya mtu mmoja mkali abebe timu nzima. Vyuo vikuu vya Marekani huwapa pointi watu 16 kwenye ubingwa wao, kuanzia 20, 17, 16, 15 hadi 1, na kuna ngazi nyingine kati ya wa nane na wa tisa (11 kisha 9), kwa sababu wa nane ameingia fainali kuu na wa tisa ameshinda fainali ya pili.

Jedwali refu husaidia klabu zenye watu wengi wa wastani. Jedwali fupi husaidia klabu yenye nyota wawili watatu. Kwa gala ya kawaida, nafasi za pointi zilingane na idadi ya leni, na mjadala uishie hapo.

Kwa nini tusigawanye tu jumla ya pointi kwa idadi ya waogeleaji?

Wazo hili huletwa kila mwaka na mtu mwenye nia njema, na kila mwaka huzaa tatizo baya kuliko lile lililokusudiwa kutibiwa. Tuseme kocha ana waogeleaji wanne wakali waliopata jumla ya pointi 120, wastani wa 30. Anaye wa tano, binti aliyeanza kuogelea mwaka huu, ambaye akijitahidi atapata pointi nne. Akimleta, wastani unashuka hadi 24.8. Kocha mwenye akili atamwacha nyumbani. Kanuni inayomfanya kocha afaidike kwa kumficha mtoto haifai kwenye mchezo wa ridhaa, hata hesabu yake iwe safi vipi.

Wapo waliopendekeza kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waogeleaji ili makali yapungue. Kihesabu ni wazo zuri. Ila mama aliyekaa jukwaani na kalamu yake hawezi kufuatilia pointi za klabu ya mwanawe, na kanuni isiyofuatilika hushukiwa hata inapotoa jibu sahihi.

Kinachofanya kazi zaidi ni kuhesabu waogeleaji bora kadhaa tu, kwa mfano pointi za watu kumi wa juu wa kila klabu. Hapo kumleta mwanafunzi mpya hakumwumizi mtu. Klabu ya watu sita bado itaachwa nyuma na ya watu 60, lakini pengo halitakuwa la kukatisha tamaa.

Basi madaraja ya klabu yapangwe kwa kigezo gani?

Kwa idadi ya waogeleaji walioandikishwa kwenye mashindano hayo, ilivyokuwa siku ya kufunga usajili.

Kila neno hapo lina sababu yake. Kwanza, ni idadi ya walioandikishwa, si ya wanachama. Klabu inaweza kuwa na wanachama 200 wa kuogelea asubuhi kwa ajili ya afya, na wakaja mashindanoni sita. Ukiiweka na wakubwa kwa sababu ya daftari la wanachama, umewaonea hao sita. Pili, ni mashindano hayo, si ya mwaka jana. Klabu zetu hupanda na kushuka haraka: kocha akihama, nusu ya watoto huhama naye. Tatu, siku ya kufunga usajili, si idadi ya walioogelea kweli. Ukihesabu walioogelea, kocha aliye karibu na mpaka anaweza kuwaondoa watoto wawili asubuhi ya siku ya pili kwa kisingizio cha mafua ili ashuke daraja. Orodha ikishafungwa na kutangazwa, mwanya huo umezibwa.

Wale wanaoogelea kupokezana tu wahesabiwe pia. Vinginevyo utashangaa jinsi klabu inavyokuwa ndogo kwenye karatasi huku ikileta timu nne za rilei.

Mpaka kati ya klabu ndogo, za kati na kubwa uwe wapi?

Usitafute tarakimu nzuri kichwani. Chukua orodha za usajili za miaka miwili mitatu iliyopita, uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, utazame zinapoachana. Tuseme klabu kumi zilileta waogeleaji 6, 7, 9, 11, 12, 24, 27, 31, 58 na 74. Pengo liko wazi kati ya 12 na 24, na kati ya 31 na 58. Weka mipaka katikati ya mapengo hayo, labda 18 na 45, na klabu iliyoongeza watoto watatu haitarushwa daraja jingine.

Njia inayopendwa na wavivu ni kugawa klabu katika mafungu matatu sawa. Kwa orodha hiyohiyo, klabu ya watu 11 ingewekwa pamoja na ya watu 24, na ya watu 27 ingeshindana na ya 74. Mafungu yako sawa, ushindani hauko sawa.

Popote utakapoweka mpaka, kuna atakayekuwa amekaa juu yake akilalamika. Hilo halitibiki. Unachoweza ni kutangaza mpaka kabla usajili haujafunguliwa, na usiuguse tena hadi gala iishe. Mpaka uliowekwa baada ya kuona nani ameandikisha wangapi, hata kama umewekwa kwa haki tupu, utasemwa kuwa umekatwa kwa ajili ya klabu fulani. Na daraja lenye klabu moja tu liunganishwe na la jirani. Kombe la timu moja ni aibu kwa anayelitoa na anayelipokea.

Tukishapanga madaraja, pointi zinahesabiwa upya ndani ya kila daraja?

Hapa pana njia mbili, na kanuni zenu zisipotaja mojawapo mtajikuta mnaijadili saa mbili usiku huku watu wakisubiri medali.

Njia ya kwanza: waogeleaji wote wanapangwa pamoja, wanapata pointi mara moja, halafu klabu zinatenganishwa kwa madaraja wakati wa kutoa makombe tu. Njia ya pili: kwa daraja la klabu ndogo unawaondoa waogeleaji wa klabu nyingine kwenye orodha, unawapanga upya waliobaki na kuwapa pointi mpya. Aliyekuwa wa 12 kwa jumla anaweza kuwa wa kwanza hapo na akapata 9.

Ninapendelea ya kwanza. Mtoto anakuwa na hesabu moja tu ya pointi kwa kila mbio, na mzazi anaweza kuijumlisha mwenyewe. Lakini ikiwa klabu kubwa ni kali kiasi kwamba klabu ndogo zote zinamaliza na pointi sifuri, moja na tatu, kombe la daraja lao linaamuliwa na bahati. Hapo njia ya pili ina haki zaidi, pamoja na usumbufu wake.

Klabu moja imekusanya waogeleaji wa mji mzima chini ya jina moja. Hiyo ni timu kweli?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, na idadi peke yake hailimalizi.

Huko Marekani chama cha waogeleaji watu wazima, U.S. Masters Swimming, kilikutana nalo mapema. Kuna klabu ya bwawa moja: watu wanafanya mazoezi pamoja, kocha mmoja, wanajuana kwa majina. Kuna klabu nyingine ambayo kwa kweli ni mwavuli: vikundi vingi vya mazoezi, mabwawa mbalimbali, umbali wa saa kadhaa kati yao, wote wakiandikishwa kwa jina moja la klabu. Siku ya ubingwa wa taifa, mwavuli huo unachagua watu wa jimbo zima. Wanachama wake hawavunji sheria yoyote; mara nyingi walijiunga chini ya jina moja ili kurahisisha uandikishaji. Lakini kuwapanga kwenye orodha moja na klabu ya bwawa moja ni kushindanisha mkoa na mtaa. Dawa iliyotumika ni kutenganisha makombe: klabu za mtaa huwania lao, na klabu za mkoa lao.

Ili utenganishe, unahitaji maana isiyoyumba. Mimi ningeuliza mambo mawili tu: waogeleaji hawa wana uongozi mmoja wa mazoezi? Na wanatumia bwawa moja, au mabwawa machache yaliyo chini ya uongozi huo? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, ni klabu ya mtaa hata kama ina watu 80. Likiwa hapana, ni ya mkoa hata kama safari hii imeleta 15. Usiulize rangi ya kofia wala jina kwenye fulana, maana hivyo hununuliwa kwa siku moja.

Shule nazo zina sura hii. Shule yenye bwawa lake na klabu iliyokodi leni mbili kwenye bwawa hilohilo si kitu kimoja, ingawa mara nyingi watoto ni walewale. Kila mtoto achague jina moja mwanzo wa msimu na abaki nalo.

Je, tuweke kikomo cha waogeleaji wanaoweza kuifungia klabu pointi katika kila mbio?

Ndiyo, na kama mnaweza kubadilisha jambo moja tu mwaka huu, liwe hili. Kila klabu iandikishe watoto inaotaka, wote waogelee, wote wapate muda wao na medali zao, lakini kwenye hesabu ya timu wahesabiwe wawili au watatu wa kwanza wa kila klabu kwa kila mbio. Klabu kubwa haiwezi tena kujaza nafasi ya tatu hadi ya nane kwa watu wake.

Andikeni mapema pointi zinazoachwa zinakwenda wapi. Mfano: nafasi nne za kwanza ni A, A, A, B, na kikomo ni wawili. Je, wa B anabaki na pointi za nafasi ya nne (5), au anasogea na kuchukua za tatu (6)? Mimi humsogeza, kwa kuwa shabaha ya kikomo ni kupunguza uzito wa wingi, na pointi zikiachwa hewani kazi hiyo inafanyika nusu. Lakini kubakiza ni sawa pia, mradi iandikwe.

Kuna kikomo cha upande wa pili: mbio ngapi kwa mtu mmoja. Kwenye mashindano ya shule za sekondari Marekani, mwanafunzi haruhusiwi mbio zaidi ya nne, na kati ya hizo za peke yake zisizidi mbili. Nyota mmoja hawezi kuzunguka ratiba nzima akikusanya pointi, kocha analazimika kukuza wengine.

Vikundi vya umri vipangweje, na umri uhesabiwe siku gani?

Kwa watu wazima mtindo wa dunia ni miaka mitano mitano: 25–29, 30–34, 35–39 na kuendelea hadi wenye miaka mia na zaidi. Wamarekani huongeza kikundi cha 18–24. Kwa watoto miaka miwili miwili ndiyo salama, maana mtoto wa miaka 11 na wa miaka 14 ni kama watu wa michezo miwili tofauti.

Siku ya kuhesabu umri ina uzito kuliko watu wanavyodhani. World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, kwa mashindano ya watu wazima huhesabu umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mtu mzima hufurahia hilo: anaingia kikundi kipya Januari akiwa kijana kuliko wenzake. Kwa mtoto ni kinyume. Aliyezaliwa Desemba ataogelea mwaka mzima na waliomzidi miezi kumi na moja, na wakati wa kukua miezi hiyo ni sentimita nyingi za urefu. Kwa gala za watoto ninaona umri wa siku ya kwanza ya mashindano una haki zaidi, maana kila mtoto kwa zamu yake atakuwa mkubwa wa kikundi.

Mzee wa miaka 82 aliogelea peke yake kwenye kikundi chake akapata pointi za mshindi. Hiyo ni haki?

Mara nyingi anayeuliza hivi ana miaka 35 na amekuwa wa sita. Ndiyo, ni haki. Vikundi vya umri vipo ili mtu apimwe na wenzake, na wenzake kutokuja si kosa lake. Pia hii ni nafasi moja ambapo klabu ndogo yenye wazee wawili hodari inaweza kuitikisa klabu kubwa ya vijana, nami siioni kama kasoro.

Wasiwasi wa kweli ni mtu kuletwa ajaze nafasi tu, asiyejiandaa, aelee mita 200 za mtindo wa kipepeo ili klabu iokote pointi. Dawa yake ni muda wa kufuzu kwa mbio ngumu na ndefu, uliowekwa kwa kila kikundi cha umri. Dawa nyingine ni kuzifanya pointi zisizidi idadi ya walioshindana, lakini hiyo inamwadhibu yule mzee wa miaka 82 pamoja na mwokotaji, kwa hiyo siipendi.

Kwa nini rilei zina pointi mara mbili? Sisi hatuna hata watu wanne.

Kwa sababu ni kazi ya watu wanne, na kwa sababu waandaaji wanataka klabu zilete timu, si nyota wanne wasiosalimiana. Ni kweli inaziumiza klabu za watu wawili watatu. Pale klabu hizo zilipo nyingi, pointi moja na nusu inatosha, au timu moja tu ya kila klabu ihesabiwe kwa kila rilei. Rilei za mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili, husaidia sana klabu isiyo na wanne wa jinsia moja.

Kwa watu wazima kuna utamu wa ziada. Kwenye mabwawa yanayopimwa kwa mita, si yadi, kikundi cha rilei hupangwa kwa jumla ya umri wa wote wanne: 100–119, 120–159, 160–199 na kuendelea. Wenye miaka 27, 34, 48 na 52 wana jumla ya 161. Mtoe wa 27 umweke wa 25, jumla inakuwa 159 na timu imeshuka kikundi kizima, kwa vijana zaidi. Makocha wenye subira hutumia jioni nzima hapo na kikokotoo. Ni hila, lakini ni hila halali, na kwa kweli ndiyo inayompa mzee wa klabu thamani mbele ya vijana.

Nimesikia kuna pointi za World Aquatics zinazolinganisha mbio zote. Kwa nini tusitumie hizo tu?

Kanuni ni hii: gawanya muda wa msingi kwa muda wako, zidisha jibu kwa lenyewe mara tatu (yaani kipeo cha tatu), kisha zidisha kwa 1,000. Muda wa msingi hutokana na rekodi ya dunia. Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 fristaili kwa sekunde 46.40 mjini Paris mwaka 2024. Ukichukua huo kuwa msingi, kijana wa klabu anayeogelea kwa 58.00 amefikia 0.8 yake, na 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512, basi ana pointi 512. Anayetumia muda mara mbili ya Pan, 1:32.80, anapata 125.

Faida ni kwamba nafasi haijalishi, unashindana na saa. Klabu ya Mwanza inaweza kulinganishwa na ya Mombasa bila kukutana. Hasara ni mbili. Kwanza, watoto wadogo hawaoni kitu: mwenye miaka 10 anapimwa kwa mtu mzima bora wa dunia, na pointi za timu zinakwenda zote kwa wenye miaka 17. Itabidi utengeneze misingi ya kila umri, kama kwa watu wazima inavyowezekana kutumia rekodi za dunia za vikundi vyao. Pili, rekodi hazilingani ugumu. Ile ya Paul Biedermann ya mita 200 fristaili, 1:42.00, iliwekwa Roma mwaka 2009 wakati wa mavazi ya plastiki yaliyopigwa marufuku mwanzoni mwa 2010, na miaka 15 baadaye ilikuwa bado haijavunjwa. Anayeogelea mbio hiyo anapimwa na mtu pamoja na vazi lake.

Mimi huzitumia kumpata mwogeleaji bora wa mashindano. Kwa kombe la timu hapana, isipokuwa shindano la mbali ambapo kila klabu inaogelea kwake.

Mwanangu aliongoza hiti yake. Mbona hana pointi?

Kwa sababu hiti ni zamu ya kuingia majini, si mbio kamili. Kama hakuna fainali, muda wa hiti zote unaunganishwa na kupangwa. Aliyeongoza hiti ya kwanza, ambayo kawaida ni ya wenye muda wa taratibu, anaweza kuwa wa 19 kwa jumla.

Wawili wakifungana, nani anachukua pointi?

Wote. Jumlisha pointi za nafasi walizokalia ugawanye kwa idadi yao. Waliofungana nafasi ya pili kwenye leni nane: 7 na 6 ni 13, kila mmoja 6.5, na anayefuata ni wa nne.

Usikubali kushawishiwa utafute elfu ya sekunde. Mwaka 1972 Munich, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani katika mita 400 mitindo minne kwa elfu mbili za sekunde, na baada ya hapo kanuni zikarudi kwenye mia ya sekunde. Kwa mwendo wa mita mbili kwa sekunde, elfu moja ni milimita mbili, na leni mbili za bwawa moja zinaweza kutofautiana urefu kuliko hapo. Rio 2016, Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh walifungana kwa 51.14 katika mita 100 kipepeo, na wote watatu wakavaa fedha. Gala yenu, inayotumia saa za mkononi, isijifanye sahihi kuliko Olimpiki.

Wenyeji wana bwawa lao na watoto mia. Watawekwaje?

Wakiwa na kikomo cha wawili kwa kila mbio, tatizo limepungua lenyewe. Bila kikomo, kuna wanaowapa wenyeji medali za mtu mmoja mmoja na kuwatoa kwenye kombe la timu. Binafsi naona ni adhabu kwa waliojitolea bwawa na chai. Afadhali mashindano yazunguke. Klabu inayosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam haiwezi kuja na kila mtoto, na hakuna jedwali la pointi linalolipa nauli ya basi.

Waogeleaji wenye ulemavu wanaingiaje kwenye pointi za timu?

Kwa daraja lao la michezo, kuanzia S1 hadi S10 kwa ulemavu wa viungo, S11 hadi S13 kwa wa kuona, na S14 kwa wa akili. Wakiwa wachache wa madaraja tofauti, waogelee pamoja na wapangwe kwa pointi zinazotokana na muda wa msingi wa daraja la kila mmoja. Pointi hizo ziingie kwenye jumla ya klabu kama nyingine. Ukiwawekea mbio ya maonyesho isiyo na pointi, umewaambia si sehemu ya timu.

Asiye na klabu anafunga pointi?

Hapana. Anaogelea, anapata nafasi na medali, pointi haziendi kokote. Klabu mbili ndogo zikitaka kuungana kwa ajili ya gala moja, ziseme kabla ya usajili na zipangwe daraja kwa idadi yao ya pamoja.

Tutoe makombe mangapi?

Wanaume, wanawake na jumla, kwa kila daraja. Klabu ya wasichana watupu isilazimike kuwania la jumla pekee, maana hapo imeshindwa kabla ya kuvaa miwani. Zaidi ya hapo mnaanza kugawa vyuma.

Kompyuta inaweza kufanya haya yote?

Mengi. Programu kama Meet Manager ya Hy-Tek inakubali jedwali lako la pointi, pointi tofauti za rilei, na kikomo cha wafungaji wa kila klabu. Jaza vipengele hivyo kabla ya mbio ya kwanza, kisha ujaribu kwa matokeo ya mwaka jana. Madaraja ya klabu utayapanga mwenyewe pembeni kwenye karatasi ya hesabu, na orodha hiyo iwe ukutani asubuhi ya kwanza.

Pingamizi kuhusu pointi lipelekwe wapi, na hadi lini?

Kwa refa mkuu, kwa maandishi, na kiongozi mmoja wa klabu, si wazazi sita kwa mkupuo. Pingamizi la uamuzi wa majini liwe ndani ya dakika 30 baada ya mbio. La hesabu ya timu lipewe muda mrefu zaidi, kwa sababu kosa la kujumlisha ni kosa hata likigunduliwa Jumanne: wekeni siku saba, jumla isahihishwe, na kama kombe limekwenda kusikostahili lihamishwe.